Yoga Darasani: Dakika Tano Zinazoweza Kumtuliza Mtoi wa Salgaa

Kama umewahi kupita Salgaa usiku, rada unaijua. Malori yamepangwa kando ya barabara, harufu ya nyama choma imechanganyika na ya breki zilizopata moto, na muziki wa klabu unashindana na honi za matrela. Hapa ni kama kilomita 30 kutoka Nakuru mjini ukielekea Eldoret, kaunti ndogo ya Rongai. Madereva wa masafa marefu wanaoenda Uganda, Rwanda na Kongo ndio husimama hapa kula, kulala na kupoza injini.

Lakini kuna watu wengine Salgaa ambao hatuwaongelei sana: watoi. Hao ndio hulala karibu na hizo honi, na asubuhi ngware wanavuka hiyo barabara na vibegi mgongoni kwenda shule.

Sasa mtu akikuambia "tuweke yoga darasani", najua picha inayokujia kwa akili. Ni mrembo wa Instagram huko Karen, mkeka wa rangi ya waridi na maji yenye ndimu. Tulia kidogo, usilenge hii stori. Ukiondoa hiyo mikogo yote, kinachobaki ni kitu rahisi ambacho ticha yeyote anaweza kufanya bila hata shilingi moja. Cheki hapa, tukuchambulie mos mos.

KWANZA, HII KITU NI NINI?

Yoga ilitoka India maelfu ya miaka iliyopita. Ndani yake kuna mikao ya mwili, njia za kupumua na kutafakari. Disemba 2014 Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na ikaanza kuadhimishwa 2015. Ile inayoingia shuleni huwa imepunguzwa: kunyoosha viungo, kusimama kwa mguu mmoja, kupumua kwa mpango. Basi.

Pacha wake ni kile kinaitwa maindifulnesi. Kwa Kiswahili cha kawaida, ni kuweka akili hapa na sasa hivi, bila kujihukumu. Unasikia pumzi yako, unasikia miguu yako chini, na akili ikihepa kwenda kuwaza deni au mtihani, unairudisha pole pole. Chimbuko lake ni tafakuri ya Kibudha, lakini 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliitoa kwenye dini na kuitengeneza iwe programu ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu na stresi. Kutoka hospitalini ikahamia maofisini, jeshini, na mwishowe darasani.

KWA NINI SALGAA?

Hii barabara ina historia nzito. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, mbele kidogo ya Salgaa. Watu wakakimbia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafariki. Tarehe 31 Disemba 2017, wakati wasee walikuwa wakijiandaa kuvuka mwaka, basi na lori viligongana Migaa, na watu 36 wakapoteza maisha. Katikati ya hizo mbili kuna ajali nyingi ambazo hazikukaa kwenye habari hata siku mbili. Mteremko ni mkali, na kuna madereva waliokuwa wakitoa gia ili lori lishuke lenyewe wakiokoa mafuta. Na usisahau kwamba vita vya baada ya uchaguzi wa 2007 viligonga Nakuru na Bonde la Ufa vibaya sana. Watoto wa wakati ule ndio wazazi wa leo.

Mtoi anayekulia hapa anaweza kuona vitu ambavyo wewe uliviona kwa runinga tu. Na mwili wa mtoi hausahau haraka. Ukiona hatari, ubongo hupiga king'ora: adrenalini inamwagika, moyo unadunda, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi. Hiyo ni nzuri kama unakimbia lori. Shida ni pale king'ora kinakataa kuzima, mtoi yuko darasani salama lakini mwili wake bado uko barabarani.

Huyo mtoi utamjua. Mlango ukigongwa, anaruka. Akiulizwa swali, anaganda. Mwenzake akimgusa kalamu, ngumi zinaanza. Ama anazubaa dirishani kipindi kizima, kwa sababu usiku hakulala. Ticha aliye na watoi sitini mbele yake anaona utundu, uvivu ama kiburi. Zamani dawa ilikuwa kiboko, lakini viboko vilipigwa marufuku shuleni Kenya 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Swali likabaki: kiboko kikitoka, ticha anashika nini? Hapo ndipo kupumua kunaingia.

KUPUMUA KUNAFANYAJE KAZI?

Hii si uchawi, ni mwili tu. Moyo wako hauendeshwi kwa amri. Huwezi kuuambia "punguza mwendo" ukakusikiza. Lakini pumzi ni kitu cha ajabu, inaenda yenyewe, na pia unaweza kuiendesha ukitaka. Ni kama gari lenye usukani mbili.

Unapovuta pumzi, moyo huongeza kasi kidogo. Unapoitoa, hupunguza. Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na kazi yake moja ni kuuambia mwili "hatari imepita, tulia". Ukitoa pumzi pole pole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, unausaidia huo mshipa kufanya kazi yake. Ndiyo maana nyanya yako akishtuka alikuwa anakaa chini, anashusha pumzi ndefu, halafu ndio anaanza kuongea. Hakusoma kitabu chochote, aliijua tu.

KENYA ILIANZA KITAMBO

Usidhani hii ni kitu ya wazungu iliyoshuka jana. Mwaka 2007, Mmarekani Paige Elenson, pamoja na mwalimu wa yoga Baron Baptiste, alianzisha Africa Yoga Project hapa Nairobi. Form yao ilikuwa kufunza vijana wa mitaa wawe walimu wa yoga, wapate kazi, halafu warudi mtaani kufunza wengine. Vijana wa Kibera, Mathare na mitaa mingine walijikuta wakiongoza madarasa kwenye shule, vituo vya watoto na hata magereza. Msee aliyekuwa akipiga sarakasi barabarani akageuka ticha mwenye mshahara.

Kuna wengine wenye stori inayofanana, ingawa wao si wa yoga. Shamiri, jina linalomaanisha kunawiri, ni taasisi ya Kenya inayoshughulika na afya ya akili ya wanafunzi wa sekondari. Wao hutumia vikundi vidogo vinavyoongozwa na vijana waliomaliza shule juzi tu, saa moja kwa wiki, wiki nne. Wanafunzi hujifunza kwamba mtu anaweza kubadilika, hufanya mazoezi ya shukrani, na kuangalia mambo wanayoyathamini maishani. Mwaka 2021 matokeo yao yalichapishwa kwenye jarida kubwa la madaktari wa akili Marekani. Walifuatilia wanafunzi 413 wa miaka 13 hadi 18 waliokuwa na dalili za mfadhaiko au wasiwasi. Waliopitia Shamiri walipungukiwa na dalili kuliko wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma.

Somo la hapo ni gani? Kwamba si lazima usubiri daktari wa akili ashuke kutoka Nairobi. Kijana aliyefunzwa vizuri, anayejua lugha ya watoi, anaweza kufanya kazi kubwa.

TUSIDANGANYANE: UTAFITI UNASEMA NINI?

Hapa ndipo wauzaji wa kozi hunyamaza. Uingereza walifanya utafiti mkubwa sana wa maindifulnesi shuleni, zaidi ya shule 80 na wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14. Matokeo yalitoka 2022, na yaliwashangaza wengi. Wanafunzi waliofunzwa maindifulnesi hawakuwa sawa kiakili kuliko wale walioendelea na masomo yao ya kawaida. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Na kulikuwa na ishara kwamba kwa baadhi ya watoto waliokuwa tayari na shida, hali haikuwa nzuri.

Lakini kuna kitu kingine walichokiona: walimu wenyewe walipata afueni. Uchovu wa kazi ulipungua na hali ya shule ikaboreka, angalau kwa muda.

Ukiunganisha hizo mbili unapata picha ya ukweli. Kwanza, usilazimishe darasa zima somo refu la kukaa kimya. Watoi watachoka, watacheka, na wale walioumia wataumia zaidi. Pili, anza na ticha. Ticha aliyetulia hutuliza darasa hata bila yoga, na ticha anayewaka atawasha kila mtu hata mkipumua hadi jioni. Tatu, fanya fupi, fanya kwa mwili zaidi kuliko kwa maneno, na usiahidi miujiza.

NA KANISA JE? NA MSIKITI?

Hii ndiyo swali mzazi atauliza kwanza kwenye mkutano wa shule, na ana haki. Yoga ilizaliwa ndani ya mila za Kihindu. Si Kenya tu wanaohofia. Jimbo la Alabama, Marekani, lilipiga marufuku yoga kwenye shule za umma 1993, na likaiachilia 2021 kwa masharti: mazoezi ya mwili ruksa, lakini nyimbo za ibada na hata salamu ya "namaste" hapana. Huko California, wazazi walienda kortini wakidai yoga shuleni ni dini, na 2015 mahakama ya rufaa ikasema programu ile ilikuwa mazoezi tu.

Kwa Kenya, Katiba Ibara ya 32 inasema mtu asilazimishwe kufanya jambo lililo kinyume na imani yake. Kwa hivyo ticha, fanya hivi: waite wazazi mapema, waonyeshe kila zoezi mbele ya macho yao, na waache nao walijaribu. Usitumie maneno ya Kisanskriti. Usiweke sanamu wala uvumba. Ita jina lake halisi, "kupumua na kunyoosha mwili". Na mzazi akisema mtoto wake asishiriki, huyo mtoto akae na asome kitabu chake bila kuchekwa na mtu. Mambo yakifanywa peupe, fitina hukosa pa kukaa.

FORM YA DAKIKA TANO

Huhitaji mkeka, wala spika, wala kiatu cha bei. Unahitaji dawati na sakafu. Wakati mzuri ni baada ya gwaride la asubuhi, baada ya mapumziko watoi wakirudi na jasho na kelele, au kabla ya mtihani. Hizi hapa hatua:

1. Miguu chini (nusu dakika). Kila mtu akae, nyayo zote mbili sakafuni, mgongo umeegemea au umenyooka. Waambie wasikie sakafu ikiwashikilia. Macho yanaweza kubaki wazi, yakiangalia dawati.

2. Kupoza uji (dakika moja). Waambie washike kikombe cha kuwaziwa chenye uji moto. Wavute harufu kwa pua ukihesabu hadi 4, wapulize pole pole kwa mdomo ukihesabu hadi 6. Rudia mara 6. Hapo umemaliza dakika.

3. Mlima na mti (dakika moja na nusu). Simameni kando ya dawati. Mlima ni kusimama wima, mabega yameshuka, kama Menengai vile imetulia. Halafu mti: mguu mmoja unainuka kidogo, kidole gumba kinaweza kubaki sakafuni, mkono mmoja umeshika dawati. Badilisha mguu. Anayeyumba hachekwi, hata miti huyumba.

4. Sauti tatu (dakika moja). Kimya. Kila mmoja atafute sauti tatu, aanze na iliyo karibu zaidi: pumzi yake, karatasi, kuku wa jirani. Kisha wawili au watatu waseme walichosikia.

5. Kurudi (dakika moja). Nyosha mikono juu, shusha, fungua daftari, andika tarehe. Somo linaanza.

Kuna msee atakuambia kwa Salgaa zoezi lifae lori: watoi watoe pumzi kama breki za hewa za trela, "tsss". Inaonekana poa, na kwingine ingependeza. Lakini hapa kuna mtoi ambaye mzazi wake hakurudi kutoka hiyo barabara. Huyo hahitaji kusikia breki akiwa darasani. Baki na uji.

CHUNGA HAYA MANNE

Usilazimishe kufumba macho. Kwa mtoi aliyeumia, giza ndilo mahali picha mbaya zinarudi. Macho wazi ni sawa kabisa.

Usimguse mtoto kumrekebisha mkao. Mwonyeshe kwa mwili wako, basi. Na epuka mikao ya kuinama au kulala chini. Wasichana wako na sketi, sakafu ni baridi, na mtoi akianza kuwaza nani anamwangalia, utulivu umeisha.

Usiifanye adhabu. Ukisema "nyinyi mna kelele, haya anzeni kupumua", umeiua. Kesho wakisikia neno kupumua watasikia kiboko.

Usikae kimya ukiona dalili kubwa. Mtoi asiyelala wiki baada ya wiki, anayejiumiza, anayeongea kuhusu kufa, au anayeogopa kurudi nyumbani, huyo hajahitaji mti wala mlima. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na upige 116, laini ya watoto ya Childline Kenya, ni ya bure na iko wazi saa 24. Kama kuna mtu anamguswa vibaya au kumpiga, ni kazi ya ofisa wa watoto na polisi. Hapa tuseme wazi: ukimfunza mtoto kutulia ndani ya nyumba inayomuumiza, na usimtoe hapo, hujamsaidia. Umemfunza kuvumilia.

NA DOO ITATOKA WAPI?

Swali zuri. Hii form haina bajeti, na hiyo ndiyo raha yake. Kwenye mtaala wa CBC tayari kuna vipindi vya sanaa na michezo, na kuna muda wa ushauri na malezi. Dakika tano zinapata nafasi humo bila kuiba hesabu. Kinachohitajika ni mwalimu mkuu akubali, bodi ya shule ijulishwe, na walimu wawili au watatu wafanye wao kwanza kwenye chumba cha walimu kwa wiki mbili. Kama wao wenyewe hawasikii tofauti, wasiwauzie watoi.

Halafu pima. Usipime kwa hisia. Chukua daftari, andika kila siku: ngumi ngapi, wangapi walisinzia, dakika ngapi zilipita kabla darasa litulie baada ya mapumziko. Fanya hivyo wiki mbili kabla ya kuanza, na wiki sita baada. Namba zikishuka, endelea, waonyeshe wazazi. Zisiposhuka, badilisha ama usare. Hakuna aibu.

Na tusifanye kupumua kuwe kisingizio. Mtoi mwenye njaa anahitaji chakula cha mchana kabla ya chochote. Mtoi anayevuka barabara ya malori anahitaji matuta, alama za barabarani na mtu wa kumvusha. Baada ya ajali ya 2017 barabara ilitenganishwa kwa ukuta wa zege katikati, na hiyo ni kazi ambayo hakuna yoga ingeifanya. Pumzi haizuii lori.

Lakini lori likishapita, na kelele zimeisha, bado kuna mtoi wa Gredi ya 4 amekaa dawati la nyuma, mabega juu, ameshika kalamu kama ameshika fimbo. Serikali haiwezi kumfikia hiyo dakika. Wewe ticha uko hapo, hatua tano mbele yake. Shusha mabega yako kwanza, weka nyayo chini, halafu mwambie ashike kikombe cha uji.

Kama una mtoi nyumbani, usingoje shule. Leo usiku, kabla hajalala, keti kando yake mpoze huo uji mara sita. Mkifika ya sita, angalia mabega yake. Halafu angalia yako.